Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza maji yanakupwa saa ngapi: uzi wa mapumziko ya pwani na visiwa vya Mtwara na Lindi

MLETA UZI (Mikindani)

Habari za jioni, wadau. Kila mwaka ikikaribia Oktoba napokea simu za ndugu na marafiki walioko Dodoma, Dar es Salaam na Songea, wakiniambia kwamba safari hii wameamua kupumzika kusini badala ya kule walikozoea. Swali lao la kwanza huwa ni bei ya chumba, la pili ni kama kuna bwawa la kuogelea, na la tatu ni kama mtandao unashika. Sijawahi kupata hata mmoja aliyeniuliza habari ya bahari yenyewe, ilhali bahari ndiyo inayomtoa nyumbani. Nimeona nianzishe uzi huu ili tuzungumze kwa kirefu juu ya namna ya kukaa kisiwani na ufukweni huku kwetu, mtu akastarehe kweli, akarudi kwake bila majuto.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, mji mkongwe ulio umbali wa kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini, ambako David Livingstone aliondokea mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa mashua, na mimi nimefanya kazi kwa miaka 9 nikiwapangia wageni shughuli zao katika hoteli ya ufukweni. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa hao wawili, yaani kwa mzee wangu na kwa kazi hiyo, na mara nyingine walinifundisha mambo yanayopingana.

Jambo kubwa ninalotaka kulisema ni kwamba katika mwambao huu ratiba ya starehe hupangwa na maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa, yaani kurudi nyuma, mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50 hivi, ndiyo maana kila siku saa za maji husogea mbele kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katika siku mbili tatu zinazofuata tunapata bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kukupwa huweza kupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu, bahari ikawa kama imechoka, inapanda kidogo na kushuka kidogo. Mtu wa bara akiona bahari imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, akaachiwa uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, hudhani kwamba amefikia ufukwe mbaya. Ufukwe si mbaya hata kidogo, ila amekuja saa ambayo si ya kuogelea.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na linawafaa sana, ni kwamba saa za bamvua katika pwani yetu hazibadiliki ovyo. Bamvua hukupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 alasiri, kisha hukupwa tena saa 4 usiku na kujaa alfajiri. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa asubuhi kwenye saa 4 na kukupwa jioni. Kwa hiyo mtu mwenye kalenda ya mwezi ukutani, hata akiwa Dodoma, anaweza kukadiria siku yake ya ufukweni Msimbati itakuwaje kabla hajakata tiketi ya basi.

Niwaeleze tukio lililonifanya niushike msimamo huu. Pale nilipokuwa nikifanya kazi kulikuwa na mpango mmoja wa safari ya kisiwani kwa mwaka mzima: kuondoka saa 3 asubuhi na kurudi saa 8 mchana, kwa sababu saa hizo ziliafikiana na chakula cha asubuhi na cha mchana jikoni. Siku moja tulipata familia ya watu 7 kutoka Masasi, wakiwamo watoto 3 na bibi yao. Ilikuwa ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Nahodha alikuja ofisini usiku wake akasema kwamba maji hayataruhusu, twende alfajiri au tungoje mchana, akajibiwa kwamba wageni wameshalipa na mpango ni ule ule. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, ninaijua tarehe ya mwezi, na sikufungua mdomo. Kesho yake boti ilikwama juu ya fungu la mchanga kabla ya kufika kisiwani, na ilipotimia saa 4 ilikuwa imelala ubavu pakavu, jua kali, hakuna mti wala turubai. Watoto walimaliza maji ya kunywa kabla ya adhuhuri. Bahari ilirudi kuinua chombo alasiri, na yule bibi alipofika hotelini hakulalamika, aliomba tu mahali pa kulala. Nimeubeba ukimya wangu wa usiku ule hadi leo, na tangu siku hiyo sijampangia mtu safari ya bahari bila kuhesabu mwezi kwanza.

Sasa nieleze shughuli zenyewe, na kila moja na maji yake.

Bamvua linapokupwa asubuhi ndiyo saa ya kutembea. Kamwajiri kijana wa kijiji anayeujua mwamba, vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kisha mtembee polepole kwenye vidimbwi. Utaona viti vya pwani vyekundu, majongoo bahari, kaa wa kila namna, samaki wadogo walionaswa wakingoja maji, na pengine pweza akibadilisha rangi mbele ya macho yako. Tembea juu ya mchanga na mawe matupu, usikanyage matumbawe yaliyo hai. Nungu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wanaumiza vibaya. Kome zuri lenye umbo la pia, lililochongoka upande mmoja, usiliokote kwa mkono, kwa kuwa wapo konokono wa baharini wa umbo hilo wenye sumu inayoweza kuua.

Maji mafu ndiyo siku za kuzamia kwa miwani na mrija. Mkondo hupungua nguvu, mchanga haukorogwi, na unaona mbali. Katika ghuba zenye mlango mwembamba, kama ilivyo upande wa Ruvula karibu na Msimbati, bamvua linapotoka huvuta kama mto, na mwogeleaji hodari atajikuta anapelekwa. Nimeona vijana wenye misuli wakishindwa na maji yanayofika kiunoni.

Maji yakijaa kabisa ndipo mtu aingie kwenye mikoko kwa mtumbwi. Hapo ndipo panapopendwa na wachache, nami napaona ni pazuri kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ukimya wake ni wa pekee, unasikia kaa wakigongagonga na kulumbizi akiita mbali. Mwambie mpiga kasia akutajie miti: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vidole kutoka kwenye tope, msinzi, mkandaa. Wazee wetu walijengea nyumba na vyombo kwa miti hiyo, na kila mmoja ulikuwa na kazi yake.

Nimeandika mengi, naomba nipumzike hapa. Karibuni mchangie, hasa wenyeji wa Kilwa na Lindi mjini, maana huko mnajua kuliko mimi.

MDAU WA MASASI

Shikamoo kaka, na nashukuru kwa uzi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 11, na wote hawajui kuogelea. Tunataka kuja mwezi wa 12 shule zikifungwa. Swali langu ni je, tunakuja kufanya nini ikiwa watoto hawaogelei, na tukae mjini Mtwara au twende moja kwa moja Msimbati?

MLETA UZI

Marahaba dada yangu. Watoto wasiojua kuogelea ndio wanaofaidi pwani yetu kuliko wote, ilimradi mtu mzima asiwaondolee macho. Bamvua likikupwa huacha vidimbwi vyenye maji ya magotini, ya uvuguvugu, yasiyo na wimbi, na mtoto anaweza kushinda humo saa 2 nzima akitazama samaki. Maji yakianza kurudi watoe mara moja, kwa sababu bahari hujaa kupitia mifereji iliyo nyuma yako, na mnaweza kujikuta mmezungukwa.

Ushauri wangu ni mlale mjini usiku wa kwanza. Jioni mwende Shangani mkapunge upepo, asubuhi mvuke kwa kivuko kwenda Msangamkuu. Ni safari fupi, lakini mtoto wa Masasi ambaye hajapanda chombo cha majini ataikumbuka. Jina lenyewe linasema, kwani msanga ni mchanga katika kauli ya kale ya pwani, na mchanga wa pale ni mweupe na laini kweli. Siku inayofuata ndipo mwende Msimbati kwa barabara inayopita Madimba. Mkifika mtaingia katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, ikiwa ni pamoja na visiwa vya Namponda, Mongo, Membelwa na Kisiwa Kidogo. Kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa pungufu ya mgeni wa nje. Lipeni kwa utaratibu wa serikali na mdai stakabadhi, msimpe mtu fedha mkononi njiani.

Katika boti yoyote, hata ya rafiki, mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha mwilini. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapotumbukia. Kama nahodha hana la mtoto, shukeni.

MDAU WA DAR ES SALAAM

Mkuu, naheshimu maelezo yako, lakini naona mnajifariji. Wenzetu Zanzibar wana hoteli kubwa, pikipiki za majini, miavuli ya kuvutwa na boti, muziki ufukweni hadi usiku wa manane, na wageni wanamiminika. Kusini mna fukwe nzuri kuliko zote nilizopata kuziona, na bado tunaambiwa twende tukatazame kaa kwenye mikoko. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na wananchi wa Msimbati bado wanasubiri ajira. Kwa nini tusijenge mahoteli makubwa, vijana wakapata kazi?

MLETA UZI

Ndugu yangu, hoja ya ajira sitaipuuza, kwa kuwa nimeishi nayo. Vijana wa Msimbati wanahitaji kazi, na mtu anayewaambia wangoje tu uzuri wa bahari hawatakii mema. Tofauti yangu na wewe iko kwenye pikipiki za majini na muziki wa usiku, na nina sababu.

Ghuba zetu si bahari tupu. Asubuhi ya bamvua kuna kina mama mamia wakitafuta pweza na kutanda dagaa kwenye maji ya mapajani. Kuna nyavu zimetegwa, kuna mitumbwi isiyo na injini. Ukileta pikipiki inayokwenda kasi katika eneo hilo, siku si nyingi utamgonga mtu au utakata wavu ambao ndio ada ya shule ya mtoto. Pili, kasa hutaga katika fukwe za mwambao huu usiku, na vifaranga vyao vikianguliwa hufuata mwanga wa upeo wa bahari ili wapate maji. Taa kali za ufukweni huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa. Tatu, miamba yetu imeumia tayari. Uvuvi wa baruti uliichakaza kwa miaka mingi, na mwaka 1998 maji yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Mwamba unaopona unahitaji miaka ya kutulia.

Ajira ninayoiona mimi ni nyingine, na nimeishuhudia. Ngalawa moja ikimbeba mgeni kwa nusu siku, fedha inalala kijijini usiku uleule: kwa nahodha, kwa baharia wake, kwa mama aliyepika pweza wa nazi na wali, kwa kijana aliyeangua madafu. Nakuambia kwa dhati kwamba hakuna mchezo wa injini unaofikia ngalawa ikiwa na upepo wa alasiri. Unakaa karibu na maji kiasi kwamba unayagusa kwa kiganja, tanga limejaa, mrengu wa upande mmoja umeinuka, na nahodha anabisha kwenda na kurudi dhidi ya upepo bila kutoa sauti yoyote. Ninachokubaliana nawe kabisa ni kwamba tunahitaji vyoo safi ufukweni, majaketi ya kutosha, maji ya kunywa na barabara isiyokatika wakati wa mvua. Hayo tuyadai pamoja.

MZEE WA KILWA MASOKO

Asalaam aleikum vijana. Nimesoma kwa makini. Nataka niongeze jambo moja kuhusu starehe za kisiwani, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba zililetwa na watalii.

Vukeni hapa kwetu kwenda Kilwa Kisiwani. Kabla ya kupanda chombo pitieni ofisini mchukue kibali na mwenyeji wa kuwaongoza, kisha mtapanda mashua pale gatini, na kwa upepo mzuri hata saa nzima haiishi. Wengi hutazama ule Msikiti Mkuu na Gereza, yaani ile ngome ya kale, wakarudi. Mimi huwaambia wasichoke, watembee hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, lililosimama juu ya jabali linaloitazama bahari. Ndani yake kuna bwawa la pembe nane. Simameni ukingoni mwa bwawa hilo, mtazame maji ya chumvi yaliyo chini, mfikirie kwamba mtu aliketi hapo akapumzisha miguu yake katika maji baridi karibu miaka 700 iliyopita. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji wetu kwa uzuri. Basi msiseme kwamba kukaa kisiwani na kustarehe ni jambo la kufundishwa na wageni.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni mbali zaidi, na huko lazima mfuate maji kama alivyosema mleta uzi, la sivyo mtashuka kwenye tope la mikoko na kutembea mkiwa mmebeba viatu mikononi. Mahali pote pawili pamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kati ya mwaka 2004 na 2014 paliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Msipande juu yake kwa ajili ya picha. Nimeona jiwe lililokaa mamia ya miaka likidondoka kwa sababu ya kijana aliyetaka picha moja.

MLETA UZI

Waaleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Umenipa jambo ambalo sikulifikiria. Nilikwenda Husuni Kubwa nikiwa mwanafunzi, nikaliona lile bwawa kama shimo la mawe tu, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tusimame tutazame upande wa bahari. Nitarudi, nikijaliwa kabla ya mwaka kwisha, na nitawapeleka watoto wangu.

MAMA WA MSIMBATI

Mimi naomba kusema kidogo. Ninavua pweza tangu nikiwa msichana, nilifundishwa na mama yangu. Saa ya bamvua kukupwa ni saa yetu ya kazi, tuna muda wa saa 3 tu kabla maji hayajarudi, na tukikosa siku hizo tunangoja nusu mwezi. Wageni wanakuja na simu, wanatupiga picha tukiwa tumeinama, kanga zimelowa, bila salamu. Wengine wanawaambia watoto wao wachokoe mashimo kwa vijiti, pweza anakimbia, na mimi nimemfuatilia tangu juzi. Hatuwachukii. Mtu akisalimu kwanza akaomba, nitamwonesha shimo, nitamfundisha kulitambua kwa maganda ya kome yaliyorundikwa mlangoni, na akitaka kununua nitamuuzia palepale. Naomba hilo tu.

MLETA UZI

Shikamoo mama. Wadau, naomba tusipite haraka kwenye maneno haya. Katika miaka yangu yote hotelini tulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa wageni, imeandikwa taulo zirudishwe saa ngapi na funguo ziachwe wapi, wala hapakuwa na mstari mmoja uliosema kwamba ufukwe wa mbele ya hoteli ni mahali pa kazi za watu. Mgeni hakuambiwa, hivyo hakujua. Ninyi mnaosimamia nyumba za wageni huko Lindi, Kilwa na Mtwara, liandikeni hilo juu kabisa ya karatasi.

BAHARIA MSTAAFU

Mimi nitazungumzia upepo, maana mmeusahau, na maji bila upepo ni nusu ya habari. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa 5 hivi, na bahari ya nje huwa nzito hadi Agosti. Septemba hadi Novemba hulegea, na hiyo ndiyo miezi ninayompa mtu yeyote anayeogopa wimbi. Kaskazi huanza Desemba pamoja na mvua zetu, ambazo kusini ni msimu mmoja mrefu hadi Aprili, lakini mvua yenyewe haishindi siku nzima, na asubuhi nyingi ni shwari.

Kuhusu nyangumi, wale wenye nundu hupanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, na huku kwetu huonekana kuanzia Julai hadi Oktoba au Novemba. Kwa kuwa kina kirefu kiko karibu sana na nchi kavu upande wa Msimbati, mara nyingine utawaona ukiwa umesimama mchangani. Mwambieni nahodha azime injini mbali nao, asiwakatie njia, na asiingie kati ya mama na mtoto. Siku tulivu ukizamisha masikio majini unaweza kumsikia dume akiimba. Nimekaa baharini miaka 31 na sauti ile bado hunisisimua mwili.

Jambo la mwisho ni kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wazee wa Lindi waliozaliwa zamani wanasimulia kimbunga cha mwaka 1952. Mwaka 2019 Kenneth alipita jirani zetu wa Msumbiji tukiwa tumeshika roho mkononi, na Mei 2024 Hidaya alileta mafuriko, barabara ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Likitoka tangazo la upepo mkali na mawimbi makubwa, safari ya kisiwani isiwe na mjadala, hata kama jua linawaka.

MLETA UZI

Asante sana nahodha. Niongeze kuhusu jua hilohilo. Mtwara iko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na kwenye wiki ya tatu ya Oktoba. Wageni wa Oktoba wanakuja katika wakati mzuri kwa bahari na mkali kwa ngozi. Anayezamia kwa miwani huungua mgongo bila kujua kwa sababu maji yanampoza, basi na avae fulana ya mikono mirefu humohumo majini.

Mtu mmoja ameniuliza pembeni kama anaweza kuogelea kwenye maingilio ya Ruvuma. Hapana. Kuna viboko na mamba, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Pazuri pa kutazama ndege na machweo, lakini muulize kwanza askari wa hifadhi kama siku hiyo panafikika.

MDAU WA MASASI

Kaka, nimerudi. Nimefuata maelekezo yako, nimechukua kalenda ya msikitini nikahesabu. Siku tutakayofika Msimbati itakuwa siku ya 8 tangu mwezi kuandama. Nimeelewa kwamba hayo ni maji mafu, sasa vidimbwi ulivyowaahidi watoto wangu havitakuwepo?

MLETA UZI

Umehesabu sawasawa, dada. Vidimbwi vitakuwa vichache na mwamba hautatoka wote, kwa hiyo tubadilishe mpango. Maji yatajaa kwenye saa 4 asubuhi, na kwa kuwa ni maji mafu yatapanda taratibu bila kuvuta. Watoto wavae majaketi, mkae nao maji ya kifuani mwa yule mdogo, pale ambapo mchanga unateremka kidogo kidogo. Huo utakuwa wakati mzuri wa kuwafundisha kuelea chali, na yule wa miaka 11 anaweza kujaribu miwani na mrija akiwa amesimama. Mchana pumzikeni kivulini, mle korosho na ming'oko (vile viazi pori vya huku kwetu) ikipatikana, kisha alasiri mtafute ngalawa, mwende na kurudi ndani ya ghuba bila kutoka nje.

Kama mnaweza kuongeza siku 7 ndipo mtapata bamvua. Kama hamwezi, msisikitike, vidimbwi viwe vya safari ijayo. Usiku wa kuamkia siku yenu ya ngalawa nendeni wenyewe nyumbani kwa nahodha, mkae barazani, mumuulize kesho maji yakoje, na akisema hapana mkubali. Nitakutumia jina lake faraghani ukishafika Mtwara.